Kupausha palpu ya mbao kwa peroksaidi: hatua kwa hatua kwa anayeanza

Palpu ni nyuzi za mbao za kutengenezea karatasi, kuipausha ni kuifanya nyeupe, hapa kwa haidrojeni peroksaidi (H2O2). Na swali ni lilelile kila mara: "nimeweka peroksaidi, nimepasha masaa mawili, palpu bado ya kahawia, shida nini?" Ukimuuliza kappa (namba inayoonyesha lignini, ile gundi ya mti, imebaki kiasi gani kwenye palpu) ilikuwa ngapi kabla hajaanza, kimya. Ukimuuliza alitumia maji gani, anasema ya bomba. Alikorogea nini? Kijiko cha chuma. Sasa badala ya kujibu mmoja mmoja nimeona niandike yote hapa, ukikwama rudi usome, majibu mengi yako kwenye hatua ya 2 na ya 4, hatua ambazo watu wengi wanaziruka.

Mwongozo huu ni wa palpu ya kraft, yaani mbao iliyopikwa kwa kostiki (sodiamu haidroksaidi) na sodiamu salfaidi, kwa kiwango kidogo cha maabara, gramu 30 za palpu kavu. Palpu ya kusaga kwa mashine ni habari nyingine kabisa, hiyo inabaki na karibu lignini yake yote na inapaushwa kwa joto la chini zaidi, usichukue namba zangu ukaenda kuitumia huko.

Lignini kwa ufupi, nadharia yote inaishia hapa

Lignini ndo gundi ya mti, inashikilia nyuzi za selulosi pamoja. Ukipika kraft, sehemu kubwa ya lignini inakatika vipande na kutoka na yale maji meusi, ila kuna mabaki yanagoma, na yanayogoma ndo yenye rangi: kwinoni, na kaboneli zilizoungana na pete zake (vikundi vya atomi vinavyoipa lignini rangi). Hayo mabaki unaweza kuyafanya mambo mawili tu. Unayatoa, au unayavua rangi yakiwa palepale. Oksijeni kwenye alkali inatoa, klorini dayoksaidi inatoa. Peroksaidi kwa sehemu kubwa inavua rangi, inatoa kidogo tu. Ukilielewa hili umeshapunguza nusu ya maswali yako, kwa sababu ukiileta palpu yenye lignini nyingi kwa peroksaidi ni kama kuosha shati lenye lami kwa sabuni ya kunawia, utamaliza sabuni.

Na anayefanya kazi si H2O2 yenyewe, ni ayoni yake, HOO⁻, ambayo inapatikana kwenye alkali tu (kwa nyuzi 25 inabidi pH ifike kama 11.6 ndo nusu ya peroksaidi iwe ayoni). Ayoni hii inavamia kaboneli na kwinoni, pete inafunguka, rangi inakufa. Bila kostiki hakuna kazi. Kostiki ikizidi, peroksaidi inaoza yenyewe na palpu inageuka njano. Basi.

Andaa hivi kabla hujagusa palpu

- Palpu ya kraft iliyooshwa vizuri, mbichi, HAIJAKAUSHWA. Nyuzi zikikauka zinajifunga na kemikali haiingii vizuri.
- Maji ya distili, mengi kuliko unavyodhani, lita 8 hivi
- Peroksaidi ya 30%
- Kostiki (sodiamu haidroksaidi) ya molari 1
- EDTA (kemikali ya kushika metali), ile chumvi ya sodiamu mbili
- Magnesiamu salfeti, gramu 10 kwa lita
- Asidi ya salfuriki ya molari 0.5 na ya molari 2
- Kwa vipimo: potasiamu pamanganeti ya molari 0.02, potasiamu ayodaidi ya molari 1, sodiamu thayosalfeti ya molari 0.2 na nyingine ya 0.1, wanga, na amoniamu molibdeti kidogo
- Bureti, pipeti, bika za lita moja, mizani inayosoma hadi miligramu, mita au karatasi za pH, themomita
- Mifuko ya plastiki mizito ya zipu, na beseni la maji ya moto linaloweza kushika nyuzi 70 na 85
- Glavu, miwani ya usalama, na koti

Peroksaidi ya 30% ikikugusa ngozi inakuwa nyeupe na inauma kweli, sio ile ya 3% ya kuoshea vidonda. Miwani sio mapambo, vaa. Na usiifunge kwenye chupa isiyopumua, inatoa gesi taratibu na chupa inaweza kupasuka.

Vijiko vyote viwe vya plastiki au kioo. Nitarudi hapo.

Hatua zenyewe

1. Tafuta uzito mkavu. Kamua palpu, ichambuechambue isiwe mabonge, pima gramu 10, weka kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike tena. Ikibaki gramu 2.5 maana yake palpu yako ina ukavu wa 25%, kwa hiyo gramu 30 kavu ni gramu 120 za mbichi. Kila dozi huko mbele inahesabiwa kwa palpu kavu. Kile ulichokausha kitupe, usikirudishe kwenye kazi.

2. Pima namba ya kappa. Hapa ndo unajua lignini iko kiasi gani. Kappa ni mililita za pamanganeti (ya nomali 0.1, ndo hiyohiyo ya molari 0.02) zinazoliwa na gramu moja ya palpu kavu, kwa dakika 10, nyuzi 25, ikisahihishwa kwenda kwenye hali ambayo nusu ya pamanganeti imeliwa. Chukua palpu itakayokula karibu nusu, kwa kappa inayotegemewa kuwa 28 ni kama gramu 1.8 kavu. Itawanye kwenye maji ya distili mpaka usione bonge hata moja, halafu ongeza mililita 100 za pamanganeti ambayo umeshaichanganya na mililita 100 za asidi ya molari 2, maji yote kwa jumla yafike lita 1. Koroga dakika 10 kamili, saa mkononi. Kisha mwaga mililita 20 za ayodaidi, na uanze kutitresha (kudondosha kidogo kidogo kutoka kwenye bureti mpaka rangi ipotee) kwa thayosalfeti ya 0.2, wanga unaweka mwishoni rangi ikishakuwa njano hafifu, ukiiweka mapema inashika ayodini na haiachii vizuri. Fanya na jaribio lisilo na palpu.

 Hesabu: jaribio tupu likitumia mililita 50 na la palpu 25, tofauti ni 25, zidisha kwa 0.2 gawa kwa 0.1 unapata 50. Gawa kwa gramu 1.8, kappa ni 27.8. Ukitaka lignini kwa asilimia, zidisha kappa kwa 0.15, hapa ni kama 4.2%. Kama namba yako haikuangukia kwenye 50 kuna kigezo cha kusahihisha, 10 kwa kipeo cha 0.00093 × (p − 50), ambapo p ndo hiyo 50 ya mfano wetu. Ikitoka chini ya 30 au juu ya 70 usisahihishe, rudia tu na palpu nyingi zaidi au pungufu.

 ONYO: pamanganeti na asidi KALI ya salfuriki visikutane kamwe, inatengenezwa kitu kinacholipuka. Punguza asidi kwenye maji kwanza, siku nyingine kabisa ikibidi, ndo uilete karibu na pamanganeti.

3. Amua kama uendelee. Palpu ya kraft ya misonobari na jamaa zake ikitoka kupikwa huwa na kappa 25 hadi 30, ya miti ya majani mapana kama mikaratusi 15 hadi 20. Kwa viwango hivyo peroksaidi peke yake haitakupa weupe wa karatasi ya kuandikia, utaishia kahawia hafifu au rangi ya krimu. Viwandani ndo maana oksijeni inatangulia, inapunguza lignini kwa karibu nusu, ndo mambo mengine yanafuata. Mimi binafsi nikiona kappa juu ya 12 naambia mtu asipoteze peroksaidi yake, arudi akapike vizuri zaidi au atafute palpu iliyopita kwenye oksijeni. Kama unataka kujifunza tu, endelea, ila usilalamike.

 Kuna mtego hapa kwa wenye palpu ya majani mapana. Wakati wa kupika, sehemu ya zailani (aina ya sukari ndefu iliyomo kwenye mti) inageuka kuwa asidi ya heksenyuroniki, na hii nayo inakula pamanganeti kama lignini. Kwa hiyo kappa yako inaweza kusema 12 wakati lignini halisi ni pungufu ya hapo. Na peroksaidi haiigusi asidi hiyo, kwa hiyo ukipima kappa baada ya kupausha utashangaa haijashuka, utadhani umekosea kumbe hujakosea.

4. Toa metali. Hii ndo hatua. Mti wenyewe una manganizi, maji yana chuma, vyombo vina chuma na shaba, na hivi vitu vinaivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni kabla haijaiona lignini. Mbaya zaidi, njiani zinazaliwa radikali za haidroksili ambazo hazichagui, zinakata selulosi na nyuzi zinakuwa dhaifu. Yaani unalipa mara mbili.

 Palpu yote (gramu 120 mbichi) iweke kwenye bika, ongeza maji ya distili mpaka jumla gramu 600. EDTA 0.4% ya palpu kavu, yaani gramu 0.12, iyeyushe pembeni kwanza ndo umwage. Rekebisha pH iwe kati ya 5 na 6 kwa asidi ya 0.5, tone kwa tone. Nyuzi 70, saa moja, koroga mara moja moja. Kwa nini 5 hadi 6? Ukishuka sana asidi inatoa kila kitu pamoja na magnesiamu, ambayo ni metali rafiki, inalinda selulosi. Ukipanda sana manganizi haitoki vizuri.

 Nikiwa najifunza nilifanya hatua hii kwa uangalifu wote, halafu kwenye kupausha nikakorogea kijiko cha bati kilichoanza kushika kutu kwa sababu cha plastiki kilikuwa mbali. Mfuko ulivimba ndani ya dakika 10. Rangi haikubadilika.

5. Osha. Kamua, ongeza lita moja ya maji ya distili, kamua, rudia, halafu rudia tena. EDTA imeshika metali lakini kama hukuiosha ikaondoka, metali bado ziko palepale umezivalisha tu koti. Hapa ndo watu wanabania maji. Usibanie.

6. Hesabu dozi. Pima tena uzito wa palpu baada ya kukamua, maana umekamua zaidi au pungufu ya mwanzo. Tuseme umepata gramu 120 tena. Uzito wa uji tunataka 10%, yaani gramu 30 kavu ndani ya jumla ya gramu 300.

 - Peroksaidi 2% ya palpu: gramu 0.6 halisi, kwa ile ya 30% ni gramu 2.0, karibu mililita 1.8
 - Kostiki 1.5%: gramu 0.45, kwa molari 1 ni mililita 11.3
 - Magnesiamu salfeti (yenye maji yake saba) 0.5%: gramu 0.15, ni mililita 15 za ule mchanganyiko wako
 - Maji: 300 toa 120 toa 2 toa 11 toa 15, inabaki 152

 Kosa ambalo naliona sana ni kuchukulia peroksaidi ya 30% kama ni 100%, mtu anapima gramu 0.6 za chupani na kuweka theluthi tu ya dozi. Lingine ni chupa ya zamani, inasema 30% kumbe imeshaoza ni 20. Ititreshe kabla, ni dakika tano, njia iko hatua ya 9.

7. Changanya kwa mpangilio huu. Palpu kwenye mfuko, magnesiamu kwanza, finyanga. Kisha kostiki iliyochanganywa na sehemu kubwa ya maji ya moto, finyanga. Peroksaidi MWISHO, ikiwa imechanganywa na maji yaliyobaki, finyanga dakika mbili nzima mpaka uhakikishe hakuna bonge kavu. Ukianza na peroksaidi halafu kostiki ikaangukia sehemu moja, hapo utapata madoa, kwingine meupe kwingine njano. pH ya mwanzo iwe kama 11 hadi 11.5 ukipima sampuli iliyopoa.

8. Pasha. Toa hewa, funga zipu ila acha upenyo mdogo kwenye kona, kona hiyo ikae juu ya maji. Gramu 0.6 za peroksaidi zikioza zote zinatoa kama mililita 200 za oksijeni, kwa hiyo mfuko uliofungwa kabisa utavimba na unaweza kukurushia alkali ya moto usoni. Nyuzi 85, masaa mawili. Kila dakika 15 finyanga kwa nje ukiwa na glavu. Mapovu machache ni kawaida, mfuko kuchemka kama soda sio kawaida.

9. Angalia peroksaidi iliyobaki. Watu hawafanyi hiki kipimo na ndo kinachokuambia kila kitu. Kamua mililita 10 za maji ya kwenye mfuko kabla hujaosha, weka asidi ya molari 2 mililita 10, ayodaidi mililita 10, matone matatu ya molibdeti, titresha kwa thayosalfeti ya 0.1, wanga mwishoni. Kila mililita moja ya thayosalfeti ni miligramu 1.7 za peroksaidi.

 Ukitumia mililita 3, ni miligramu 5.1 kwenye mililita 10. Kwenye mfuko una kama mililita 270 za maji, kwa hiyo iliyobaki ni gramu 0.14 kati ya 0.6, kama 23%. Hiyo ni nzuri. Unataka ibaki 10 hadi 20% au zaidi kidogo. Ikibaki sifuri maana yake kuna muda palpu ilikaa kwenye alkali ya moto bila peroksaidi, na hapo inarudi njano. Pima na pH ya mwisho, ikiwa 10 au 10.5 uko sawa.

10. Simamisha na osha. Maji ya distili lita moja, kamua, rudia. Ya tatu iweke asidi ya 0.5 kidogo mpaka pH 5 hadi 6, kaa dakika 10, kamua, suuza. Usiache palpu ikakauka ikiwa na alkali.

11. Tengeneza karatasi ndogo, ikauke kwa hewa isiyo na jua, linganisha na ya kabla ya kupausha. Weupe rasmi unapimwa kwa mwanga wa nanomita 457, kraft isiyopaushwa inakaa kwenye 25 hadi 30, iliyopaushwa kikamilifu inafika 88 na zaidi. Kama huna kipimo, linganisha vipande viwili chini ya taa ileile muda uleule. Picha ya simu inadanganya, simu inarekebisha weupe yenyewe.

Na jiki je?

Hili nalo halikosi. Jiki ni hipokloraiti, ndiyo inapausha, tena haraka, ila inakata selulosi vibaya na inaacha lignini yenye klorini kwenye maji yako machafu. Viwanda viliacha gesi ya klorini baada ya miaka ya 1980 dioksini zilipogundulika kwenye palpu na maji taka. Na usije ukachanganya jiki na asidi, inatoka gesi ya klorini, inaua. Klorini dayoksaidi ndo inayotumika zaidi viwandani leo lakini usijaribu kuitengeneza nyumbani, ikizidi kama 10% kwenye hewa inalipuka, ndo maana hata viwanda vinaitengenezea palepale kwenye maji na kuitumia papo hapo.

Ikikwama

*Mfuko umevimba haraka, rangi haijabadilika.* Metali. Rudi hatua ya 4, badilisha maji, angalia vijiko. Kuongeza peroksaidi hakusaidii, utalisha metali tu.

*Peroksaidi imebaki nyingi, zaidi ya nusu, na palpu bado kahawia.* Alkali ni ndogo au joto halikufika. Pima joto NDANI ya mfuko, sio kwenye beseni. Ongeza kostiki iwe 1.8%, sio 4%.

*Imekuwa njano nzuri ya limao.* Peroksaidi iliisha kabla ya muda, au kostiki ilizidi. Jaribu saa moja na nusu, au peroksaidi 3%.

*Nyeupe lakini inakatika kama biskuti.* Selulosi imekatwa. Umesahau magnesiamu, au hatua ya 4 haikufanya kazi, au vyote. Palpu hiyo haiponi, anza upya.

*Ina vidoa vya kahawia vidogovidogo.* Hivyo ni vipande vya mbao ambavyo havikuiva wakati wa kupika. Hakuna kupausha kutakakoviondoa bila kuharibu palpu nyingine, chuja kwanza kwa chekecheo.

*Kappa haikushuka hata kidogo.* Soma tena kuhusu asidi ya heksenyuroniki hatua ya 3. Ukitaka kuitoa, palpu inapashwa kwenye asidi ya pH 3 hadi 3.5 karibu na nyuzi 95 kwa masaa kadhaa kabla ya kutoa metali, ila selulosi nayo inaguswa kidogo kwa hiyo usizidishe.

*Ilikuwa nyeupe, baada ya wiki imeanza njano.* Kwanza shuku kuosha, alkali iliyobaki. Pili chuma, maana EDTA inatoa manganizi vizuri kuliko chuma, na chuma kikikutana na mabaki ya lignini kinatoa rangi. Kama umeweka karatasi dirishani, hapo ni jua na lignini iliyovuliwa rangi bila kutolewa, ihamishie kabatini na karatasi nyingine ya jaribio itoe kwenye palpu yenye kappa ndogo zaidi.